Mama Mizani na Gari Jekundu la Mjomba

Mama yangu ni mthamini wa magari. Wanaotaka kununua gari humchukua aende nao dukani, kampuni za bima humwita gari likigongwa, na ndugu wanaogombania gari la marehemu humweka katikati yao awaamue. Wote wanamwita Mama Mizani. Jina hilo analipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake, ingawa ukimwambia hivyo atakunja uso na kukuuliza kama huna kazi.

Ana utaratibu wake, na utaratibu huo hauvunjwi. Haambiwi bei kabla. Akiingia katika duka lolote la magari, wauzaji hukimbilia kulaza kadi ya bei kifudifudi juu ya boneti. Yeye hulizunguka gari, huinama, hugusa, hata hunusa, kisha hutaja bei yake kwa sauti mbele ya kila aliyepo. Hapo ndipo kadi inapogeuzwa. Bei mbili zikikaribiana, mnunuzi anatoa pesa. Ya duka ikizidi sana, mnunuzi anaaga na kwenda zake. Mama anasema mtu akishatajiwa bei, macho yake huanza kuitafutia sababu. Hata siku aliyokwenda kuninunulia baiskeli nikiwa mdogo, alimwambia mwenye duka afunge mdomo kwanza.

Ana ndugu mmoja tu, Mjomba, mdogo wake. Mjomba alikuwa dereva wa gari la maiti la manispaa mpaka alipostaafu. Maisha yake yote ya kazi aliendesha taratibu, nyuma yake kuna msururu wa watu wanaolia, na hakuna aliyewahi kumwomba lifti. Mtaani wanamwita Polepole. Mkewe alimkimbia zamani, akisema amechoka kupikia mtu anayekuja mezani na habari za makaburini. Mjomba husimulia kisa hicho huku akicheka, nami simwamini hata kidogo anapocheka.

Basi Mjomba huyo, siku chache baada ya kukabidhi funguo za manispaa, akapita mbele ya duka kubwa la magari akaliona gari la spoti. Jekundu, milango miwili, limekaa chini kiasi kwamba ukiingia unahisi umekaa mkekani. Alisimama pale kwenye kioo mpaka mlinzi akamuuliza kama ana shida. Kesho yake akarudi. Na kesho kutwa. Watu wengine wakistaafu hufuga kuku.

Siku aliyoitoa habari hiyo nyumbani nilikuwepo, nimekwenda kumsalimia Mama. Mimi ni mwalimu, nina hasira za karibu, na wanafunzi wangu wanalijua hilo vizuri. Tulikuwa tumemaliza kula. Mjomba akajipangusa mdomo, akakohoa, akasema anataka kununua gari.

"Gari la nini?" Mama akauliza.

"La kuendesha."

"Kwenda wapi?"

"Popote, dada. Popote ambapo hakuna mtu aliyekufa."

Nilitaka kucheka, lakini nikaona Mama hacheki. Alikuwa ameshaelewa kabla yangu. Kiinua mgongo cha Mjomba hakitoshi hata nusu ya gari kama lile. Kilichobaki mkononi mwake ni nyumba, na nyumba si yake peke yake.

Nyumba hiyo aliwaachia Babu, wote wawili. Mama anakaa vyumba vya kulia, Mjomba vya kushoto, ukumbi uko katikati na jiko ni moja. Haigawanyiki. Ukimpa mtu nusu yake atapata ukuta na nusu ya choo. Ili Mjomba apate chake, lazima iuzwe yote, wagawane. Na sehemu ya Mama, katika mji huu wa sasa, haitanunua hata banda la kuku. Angelazimika kupanga, kwa umri ule. Kwangu ni vyumba viwili, mume na watoto watatu, na Mama ameshaapa kwamba hatalala sebuleni kwa mkwewe maadamu ana pumzi.

Nikangoja aseme hapana. Hakusema. Hapa lazima nieleze kidogo kuhusu familia hii, maana mtu wa nje atawaona wendawazimu.

Babu aliwalea kwa neno moja: sitaki si sababu. Mtoto akisema sitaki uji, Babu alimuuliza kwa nini, na kama hana hoja aliunywa. Akisema nataka viatu, vilevile, hoja iko wapi. Wakakua hivyo. Mpaka leo, Mama na Mjomba hawaombani kitu wala hawakatazani. Wakigombania kabati, Mama analithamini, mmoja analipa nusu na kulichukua. Wakigombania redio, hivyo hivyo. Hakuna anayesema naipenda, niachie. Wanaona ni aibu, kama kutembea bila nguo.

"Bei yake?" Mama akauliza.

"Sijui. Nilikataa kuitazama kadi. Nilijua ungenigombeza."

Mama akavua miwani akaifuta kwa upindo wa kitenge. "Nitaliangalia. Bei ikiwa halali, tutauza nyumba, ununue. Ikiwa si halali, usinitajie tena habari za gari humu ndani."

"Sawa, dada."

Wakapeana mikono juu ya sahani chafu, kama wafanyabiashara wawili waliokutana njiani. Nilitamani niwapige wote wawili na mwiko.

Siku ya kwenda dukani, Mama alipanda gari langu. Mjomba alikuwa ametangulia tangu asubuhi, hakuweza kungoja. Njiani Mama alikuwa amepakata mkoba, anatazama mbele. Tulipokaribia nikashindwa kuvumilia.

"Mama, gari hilo ni kiasi gani kwa makisio yako?"

"Kama ni la mwaka huu na halijaguswa, milioni themanini na nne. Wakitaka themanini na tano nitanyamaza, na wao wanakula."

"Na kama wanataka hiyo hiyo?"

Akaufungua mkoba, akaufunga.

"Mwambie tu hutaki, Mama. Ni ndugu yako, si mnunuzi."

"Nimwambie sitaki halafu niseme nini?"

"Useme sitaki. Basi."

"Wewe endesha," akasema.

Alikuwa anategemea jambo moja, nami nililijua bila kuambiwa. Alikuwa anategemea gari liwe bovu. Magari mapya mengi si mapya. Linaweza kuwa limelala bandarini mwaka mzima, limefutwa vumbi, likapewa bei ya lililoshuka jana. Linaweza kuwa limegongwa kwenye meli likapigwa rangi. Akikuta kosa moja la namna hiyo, bei ingekuwa haramu kwa haki, na nyumba ingebaki. Nilimwombea kosa hilo kwa moyo wangu wote.

Duka lilikuwa la vioo, sakafu inang'aa mpaka unaogopa kukanyaga. Mjomba alikuwa amesimama kando ya gari, mikono nyuma, amevaa suti nyeusi. Hana nyingine. Ndiyo ile ya kazini, na kwa jinsi alivyosimama nayo mbele ya gari lile, mtu angedhani dereva kaja kulichukua likazikwe. Wateja wengine wawili watatu walikuwepo, na walipomwona Mama wakaacha mambo yao wakasogea. Muuzaji, mwanamume mnene mwenye tai ya manjano, akaiwahi kadi akailaza kifudifudi.

"Karibu, Mama Mizani. Leo umetuletea nani?"

"Ndugu yangu."

"Aa. Basi leo itabidi tujihadhari." Akacheka peke yake.

Mama akaanza kazi. Alichuchumaa kwenye kila tairi akasoma tarehe iliyochapwa ubavuni. Akafungua mlango akasoma kibandiko cha kiwandani kwenye nguzo yake. Akapitisha kidole kwenye mipira ya madirisha kuona kama imekauka. Akamulika tochi kwenye diski za breki, akitafuta kutu ya gari lililosimama sana. Akainua zulia la buti akanusa. Akatazama rangi kwa ubavu, jicho moja limefumbwa, mlango kwa mlango.

Nimemwona akifanya hivyo mara nyingi. Siku zote hufanya kama mtu anayepepeta mchele, hana haraka wala chuki na pumba. Siku hiyo alikuwa anachimba. Alirudia tairi la nyuma. Akarudia kibandiko. Akapiga goti kwenye sakafu ile inayong'aa akachungulia chini ya injini, na aliponyanyuka nikaona uso wake, nikajua. Gari lilikuwa safi. Lilikuwa jipya kama mtoto wa leo, la mwaka huu, halijaguswa na mtu.

Mjomba hakulitazama gari muda wote huo. Alimtazama dada yake. Midomo yake ilikuwa inatikisika kidogo, sijui alikuwa anaomba au anahesabu.

Kisha Mama akafanya jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya. Akalizunguka gari mara ya pili, bila kugusa kitu. Alikuwa anatembea tu. Alipofika mbele akasimama, akaifuta miwani, akaivaa.

"Milioni sabini," akasema.

Muuzaji akacheka tena, kwa makosa, halafu akaacha. Akamtazama Mama, akaitazama kadi, akaigeuza taratibu kama mtu anayefunua chungu kilichoungua. Themanini na tano.

Watu wakanong'ona. Ningetakiwa nifurahi, nyumba ilikuwa imepona, lakini nilikuwa namtazama mama yangu na kumwona mtu nisiyemjua, amesimama wima, macho makavu, mkoba kaubana kwapani.

Mjomba akaweka kiganja juu ya boneti. Akakiacha hapo kidogo. "Basi," akasema. "Mizani imesema. Twendeni." Akashika njia ya mlangoni, na mabega yake yalikuwa yameshuka.

Kama tungetoka wakati ule, mambo yangeishia hapo, na Mama angekwenda na siri yake kaburini. Lakini muuzaji hakutuacha. Alikuwa anatoka jasho. "Mama, subiri. Tafadhali. Mzee, subiri." Akapanda ngazi mbili mbili kwenda juu.

Akashuka na Bosi. Bosi ni mwanamume mrefu, mkavu, asiyependa maneno. Amefanya biashara na Mama tangu mimi nasoma, na ukubwa wa duka lake, anavyosema mwenyewe, ulitokana na watu kujua kwamba Mizani hupita humo na kadi zake hazimkimbii. Hakuja na hasira. Hilo ndilo lililonitisha.

"Mama, umesema sabini?"

"Nimesema."

"Umeliangalia vizuri?"

"Mmeniona nyote."

Bosi akatikisa kichwa. Hakumbishia hata kidogo. Ningetamani ambishie, amwambie amezeeka, amfukuze, tutoke tukanune nyumbani kwetu. Yeye alimwamini. Alisimama akakuna kidevu, na nikaona anapiga hesabu upande mwingine kabisa.

"Gari hili, kwenye vitabu vyangu, mpaka limefika hapa sakafuni limenigharimu sabini na nane," akasema. "Kama thamani yake na faida yote ni sabini, basi kuna mtu amekula. Niitie dada wa manunuzi."

Mama akageuka kuzitazama ngazi.

Dada wa manunuzi akaja, mwanamke wa makamo, kalamu kaichomeka kwenye nywele, bado anatafuna kitu. Alipoona watu wamejaa akaacha kutafuna.

"Hili jekundu," Bosi akasema, "ulilinunua wewe?"

"Ndiyo, Bosi. Ankara zote ziko juu, na za ushuru, na za meli."

"Ankara hata mimi naweza kuchapa. Mama Mizani amesema sabini."

"Sabini?" Akamgeukia Mama. "Haiwezekani."

"Huyu mama," Bosi akasema, na sauti yake bado ilikuwa ya chini, "miaka yote hajawahi kunikosea. Hana sababu ya kudanganya. Wewe unayo. Nipe ufunguo wa ofisi."

Yule mwanamke akauvua ufunguo shingoni, ulikuwa kwenye kamba, na kamba ikanasa kwenye ile kalamu ya nywele. Alihangaika nayo. Hakuna aliyemsaidia. Bosi akaupokea, kisha akamgeukia Mjomba.

"Mzee, umekuja kununua?"

"Nilikuja," Mjomba akasema.

"Lichukue kwa sabini. Siwezi kuuza juu ya neno la Mizani, nitaonekana mwizi mji mzima. Hasara nitamdai huyu."

Jamani, uso wa Mjomba. Ulifunguka kama dirisha. Akaja mbio mbio, yeye asiyejua kukimbia, akamshika Mama mikono yote miwili. "Dada! Umeniokolea milioni kumi na tano. Sasa hata mgao wako wa nyumba nitaweza kukuongezea."

Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, wanasema, na ni kweli, lakini mimi nilikuwa nimeshaanza kulia. Mama alikuwa amenaswa pande zote. Akinyamaza, nyumba inauzwa na mwanamke wa watu anakwenda nyumbani na jina la wizi. Akisema, nyumba inauzwa vilevile, na yeye ndiye anakwenda na jina la mwongo. Aliangalia mlango. Kwa kitambo kidogo niliamini atatoka tu, aende zake, atuache na vurugu letu.

Dada wa manunuzi hakumwomba Bosi. Alimsogelea Mama. "Mama yangu," akasema, "naomba uliangalie tena. Mimi nina kazi hii tu."

Mama akavua miwani. Hakuifuta. Akaikunja, akaitia mkobani, akafunga mkoba.

"Mrudishie ufunguo wake," akamwambia Bosi. "Gari ni themanini na nne. Themanini na tano si dhambi. Niliyesema uongo ni mimi."

Bosi hakuelewa. "Umesema nini?"

"Bei yako ni halali. Nilitaja sabini makusudi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu huyu akinunua gari, nyumba ninayokaa inauzwa."

Mteja mmoja nyuma yetu akasema, si kwa sauti kubwa, "Njia ya mwongo fupi." Nikageuka nikamtazama kwa jicho ambalo darasani linatosha, naye akatazama viatu vyake.

Bosi alikaa akimwangalia Mama, na nadhani aliumia kuliko alivyokasirika. Akamrudishia yule mwanamke ufunguo bila kumtazama usoni. Mwanamke akauchukua, akauvaa, akaenda zake juu bila kumwambia mtu neno, na kwa kweli hakutudai neno lolote. Sisi ndio tuliomdai samahani na hatukumpa.

"Miaka yote hii nimelaza kadi zangu kwa ajili yako," Bosi akamwambia Mama. "Wenzangu wakanicheka, wakasema namwabudu mwanamke mwenye tochi. Kuanzia leo hazilazwi. Ukija, karibu, wewe ni mteja kama wengine."

Akapanda ngazi. Nilimwona Mama akiyapokea maneno yale. Hakuyumba. Lakini mimi najua lile jina lilikuwa nini kwake, na nilijua kabla ya jioni kila duka la magari mjini litakuwa limesikia.

Watu wakatawanyika, kwa ile haya ya kushuhudia jambo la familia ya wengine. Tukabaki watatu kando ya gari, na muuzaji mbali kidogo, anajifanya kunyoosha tai.

"Dada," Mjomba akasema, "mimi nilikuuliza habari za gari."

"Najua."

"Habari za nyumba hukuniambia kitu. Tulipeana mkono."

Ndipo Mama akalisema. Nilidhani nitakufa bila kulisikia kinywani mwake. "Sitaki iuzwe," akasema. "Sina hoja. Sitaki tu. Naogopa kupanga. Naogopa kuzeeka mahali ambapo mtu ananigongea mlango mwisho wa mwezi na kuniuliza nahama lini. Nakipenda kile chumba, nalipenda lile jiko, na hata wewe na kukohoa kwako kule upande wa pili nimekuzoea. Sitaki."

Alikuwa analia waziwazi, pua inamtiririka, na hakujifuta.

Mjomba akavuta kiti cha wateja akakaa. Akaegemeza viwiko kwenye magoti ya ile suti nyeusi. Nikaanza kupata tumaini, maana namjua, Mjomba ni mtu wa huruma, amewapa mkono wafiwa wengi kuliko kasisi na imamu wakiwekwa pamoja.

"Ungesema hivyo jana," akasema, "nisingekuja hapa leo. Wallahi, dada, nisingekuja. Ningekwenda kulitazama kwenye kioo mpaka wakaliuza, basi."

"Nimesema leo."

"Leo umesema sabini. Umenitazama usoni ukasema sabini, macho makavu, ukaniacha niliage gari kama mjinga. Halafu nikakushukuru." Akainua uso. "Maisha yangu yote kuna mtu mmoja ambaye akisema jambo silipimi mara ya pili. Sasa hilo la sitaki na machozi yake, nalijuaje?"

"Mjomba!" nikasema. Nilikuwa nimeshapandisha hasira. "Huoni analia?"

"Mpwa wangu, usinipandie juu. Kulia nimekuona kwingi. Mimi leo sijamdanganya mtu."

Nilimchukia kwa sababu ilikuwa kweli. Mama akanishika mkono kunituliza. Akavuta pumzi, akajipangusa uso kwa kiganja.

"Ana haki," akasema. Kisha akamwambia yeye: "Bei ni halali. Tulipeana mkono."

Wakatazamana. Nafikiri kila mmoja alikuwa anamngoja mwenzake. Mama alikuwa anangoja Mjomba aseme basi dada, yaishe. Mjomba alikuwa anangoja Mama amwombe mara ya pili, kwa nguvu, mpaka aamini. Ilikuwa inahitaji neno moja tu kutoka kwa yeyote kati yao. Lakini hawa ni watoto wa Babu, na walikuwa wameshatumia maneno yote waliyokuwa nayo. Mjomba akasimama, akamwita muuzaji, akaomba karatasi za malipo ya awali. Akaweka sahihi yake kwa herufi kubwa za mtu asiyeandika mara nyingi. Hakutabasamu. Muuzaji alimpongeza, naye akaitikia kama anayepewa pole.

Tuliondoka kabla yake. Nilikuwa naendesha kwa hasira, nabadilisha gia kama nazikomoa, na kichwani nilikuwa napanga maneno ya kwenda kumwambia Mjomba jioni, makali, yenye hoja zote. Miwani ilikuwa bado mkobani, na bila miwani Mama haoni mbali, kwa hiyo sijui alikuwa anatazama nini dirishani.

Tulipofika kwenye ile barabara ya maduka ya vyombo, akaniambia nisimame. Kando ya duka moja palikuwa na mtu anauza maboksi makubwa ya makaratasi, yale yanayobaki baada ya majokofu kutolewa, kayapanga yanafika kichwani.

"Vyombo vyangu vitahitaji kama kumi," akasema.

Nikazima gari. Nikamngoja ashuke, maana sijawahi kununua kitu chochote mbele ya mama yangu bila yeye kutangulia. Hakushuka. Alifungua mkoba, akatoa pochi, akanipa yote bila kuifungua.

"Ulizia wewe bei," akasema. "Atakayosema, mpe."